Jinsi ya kuanzisha maabara ya kompyuta ya watoto wa jioni bila kufilisika: mwongozo kwa wajitolea

Maswali yanayokuja ni yaleyale kila mara. Tununue kompyuta ngapi? Windows au Linux? Lazima kuwe na intaneti? Kuna jamaa wa nje anataka kututumia kontena la kompyuta, tukubali? Nimechoka kujibu kipande kipande kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, mifano ni ya Tanzania maana ndiko ninakofanyia hizi kazi, ila aliyeko Kenya au Uganda atabadilisha jina la wauza umeme na mengine karibu yote yanabaki vilevile.

Naongelea chumba kimoja, watoto wa msingi na sekondari wanaokuja wakishatoka shule, na wajitolea watano sita wenye kazi zao nyingine. Siongelei maabara ya chuo kikuu.

Mwenye haraka jibu lake ni hili: anzeni na mashine sita mpaka kumi, zote za aina moja, zenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), pamoja na seva moja ya ndani (kompyuta inayohudumia zile nyingine) yenye masomo yasiyohitaji intaneti, halafu hela inayobaki ipelekeni kwenye umeme na siyo kwenye kuongeza mashine.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Chumba chenye mlango wa kufunga kweli, nondo madirishani na paa lisilovuja. Paa likaguliwe siku ya mvua, msiangalie kiangazi mkasema liko poa.
- Umeme wenye mita inayojulikana ni ya nani na LUKU (umeme wa kulipia kabla) inanunuliwa na nani.
- Watu wawili (siyo mmoja) wanaojua kufungua kompyuta na kuirudisha, na mmoja ambaye kazi yake ni funguo na daftari tu.
- Flashi mbili za GB 16 au zaidi, hadidiski moja ya nje, bisibisi ndogo za nyota, brashi laini ya rangi, ufutio wa penseli, betri kadhaa za CR2032 (zile za duara kama sarafu, zinazotunza saa ya kompyuta).
- Swichi ya mtandao yenye matundu 16 ya kebo au ruta ya kawaida, itategemea mnatumia kebo au Wi-Fi.
- Hela ya uendeshaji ya angalau miezi sita: umeme, mlinzi, chaja zitakazokufa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kila mtu anapenda kuchangia kompyuta ila hakuna anayependa kuchangia LUKU.

Hatua ya 1: Kaeni na mwenye chumba, muandikishane

Iwe ni shule ya kata, msikiti, kanisa au ofisi ya serikali ya mtaa, andikeni karatasi moja inayosema vifaa ni vya nani, funguo anashika nani, umeme unalipwa vipi, na siku mkiondoka vitu vinaenda wapi. Mwalimu mkuu anahamishwa, mwenyekiti wa mtaa anabadilika kwenye uchaguzi, anakuja mwingine anakuta kompyuta zimo chumbani mwake na anazihesabu ni mali ya ofisi, anachukua mbili za kuchapia barua, hapo mtagombana na nani wakati hamna maandishi. Nakala moja kwao, moja kwenu, mashahidi wasaini.

Siku hiyohiyo ulizeni ratiba za watoto. Huku kwetu mtoto akitoka shule ana mambo mengine, wengine wanakwenda madrasa alasiri, wengine wana mafundisho Jumamosi, na mabinti wengi wanasubiriwa nyumbani wachote maji na wasaidie jikoni. Mkipanga saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni kwa sababu tu wajitolea ndio wanatoka kazini mtajikuta mna darasa la wavulana watupu na mtaanza kusema mabinti hawapendi kompyuta.

Hatua ya 2: Tayarisheni chumba

Vumbi ndilo adui. Sakafu kama ni ya udongo au saruji iliyochubuka, pigeni saruji upya kabla hamjaingiza hata mausi. Mapazia mazito yanasaidia jua lisipige kwenye vioo, na matundu ya hewa yawekewe wavu wa mbu ili upepo uingie na popo wasiingie.

Meza mpeni seremala wa mtaani azitengeneze kama benchi refu la kuzunguka kuta tatu, watoto wakiangalia ukutani. Mpangilio huu una faida mbili: waya zote zinapita nyuma ukutani ambako hakuna anayekanyaga, na mwalimu akisimama katikati anaona vioo vyote kwa mara moja. Kila mashine ipewe upana wa sentimita 70 hivi, na kama mnategemea watoto wawili kwa mashine moja (na mtategemea) fikisheni 90. Kimo cha sentimita 75 ni cha watu wazima, wa darasa la tatu atakuwa anainua mabega, 65 inatosha wakubwa na wadogo.

Miguu ya meza ipakwe dawa ya mchwa. Tena usiku chumba kisibaki na vyakula maana panya akifuata makombo ya mandazi atamalizia na kebo.

Hatua ya 3: Umeme, na hapa msifanye haraka

Nitakaa sana hapa kwa sababu ukiona maabara imekufa ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi ni umeme, kompyuta zenyewe hazina kosa.

Kwanza pigeni hesabu. Desktopu ya kawaida pamoja na monita yake ichukulieni wati 100, laptopu wati 40 hivi ikiwa inatumika huku inachaji. Desktopu kumi ni wati 1,000, na kwa volti 230 ni kama ampea 4 na nusu, kitu ambacho saketi moja nzuri ya soketi inabeba bila shida. Kwa hiyo tatizo kwa kawaida siyo wingi wa umeme, tatizo ni waya mbovu, soketi zilizolegea, na ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine iliyochomekwa kwenye ekstensheni ya tatu. Hiyo mikia ya ekstensheni ndiyo inayeyusha plagi na kuunguza majengo, ikatazeni kabisa.

Mwiteni fundi umeme mwenye leseni, mwambieni mnataka:

1. Saketi ya soketi peke yake kutoka kwenye mein switchi, waya wa milimita 2.5 za mraba, na breka yake. Isichangie na taa wala feni.
2. Waya wa ethi unaofika kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini. Nyumba nyingi za zamani zina soketi zenye matundu matatu ila nyuma ya tundu la juu hakuna kitu. Mwambieni apime mkiwa mmesimama hapo, msikubali neno lake. Ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta ukasikia vitetemo vidole vikiwa kama vinatekenywa, basi hiyo ethi haipo.
3. Soketi nyingi ukutani, moja ya kuchomeka plagi mbili kwa kila mashine, ili ekstensheni isihitajike.
4. Kifaa cha AVS kwenye hiyo saketi. Umeme ukipanda au ukishuka sana kinakata, na ukirudi baada ya kukatika kinasubiri dakika kadhaa kabla hakijauachia. Huo muda wa kusubiri ndio mnaoulipia, maana umeme unaporudi unarudi na kishindo na ndipo pawasaplai (sehemu ya kompyuta inayopokea umeme) zinapoungua.

Laptopu zina betri kwa hiyo umeme ukikatika mtoto hapotezi kazi. Kwa desktopu msinunue UPS kumi (UPS ni kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), hela mtapata wapi, na betri za UPS ndogo huku zinachoka mapema kwa joto. Nunueni UPS moja ya VA 650 hivi kwa ajili ya seva na swichi, wengine wafundisheni kubonyeza Ctrl na S kila baada ya sentensi mbili.

Kuhusu gharama, desktopu kumi kwa masaa mawili ni uniti 2, siku ishirini za mwezi ni uniti 40. Laptopu nane kwa masaa hayohayo hazifiki hata uniti 0.7 kwa siku. Ukiweka hesabu hii mbele ya kamati ya wazazi kila mtu anaelewa kwa nini laptopu iliyotumika inashinda desktopu hata kama bei yake ya kununulia iko juu kidogo, na mkija kufikiria sola huko mbele ndiyo kabisa.

Hatua ya 4: Tafuteni mashine

Kanuni kubwa: zifanane. Na nikisema zifanane simaanishi zote ziwe HP, namaanisha modeli ileile, toleo lilelile. Chukua HP EliteBook 840, ni laptopu nyingi sana Kariakoo. Toleo la G2 linatumia ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR3L na chaja ya pini nene, toleo la G3 linatumia DDR4 na chaja ya pini nyembamba. Zikikaa mezani zinafanana kama mapacha, lakini siku chaja moja ya G2 ikifa huwezi kuazima ya G3 na ram ya hii haiingii kwenye ile. Mkiwa na kumi za aina moja, moja ikifa inakuwa duka la spea la zile tisa: kioo, kibodi, feni, bawaba, vyote vipo bure.

Kiwango cha chini ambacho mimi nakubali: prosesa ya 64-biti ya familia ya Core i3 au i5, ram GB 4 (8 ndiyo raha), na SSD ya GB 120 kwenda juu. Ikiwa na hadidiski ya kuzunguka, ing'oeni muweke SSD, hakuna kitu kingine cha bei ndogo kinachobadilisha mashine ya zamani namna hiyo.

Ukienda dukani kwa vya mtumba, kabla hujatoa hela:

1. Iwashe kwa chaja, kisha chomoa chaja. Ikizima palepale betri imekufa, shusha bei.
2. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad nyingi). Ikidai paswedi na muuzaji haijui, irudishe mezani, uondoke. Hizo zinatoka maofisini na kuzifungua ni kazi ya kuchezea mazabodi (bodi kuu ya ndani).
3. Fungua na ufunge kioo taratibu mara kadhaa huku unaangalia picha. Ikicheza cheza kebo ya kioo inakatika.
4. Bonyeza kila herufi, kila moja, siyo zile za jina lako tu.
5. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB.
6. Pima Wi-Fi kwa simu yako, na tundu la kebo ya mtandao angalia kama taa inawaka ukiwa na kebo.

Sasa misaada. Kampuni au benki ikibadilisha mashine zake na ikataka kuwapa, vizuri, ila semeni mnachotaka kwa maandishi kabla hawajaleta, vinginevyo mtaletewa monita za mgongo mrefu na mashine za Pentium 4 ambazo wao walishindwa pa kuzitupa, na kuzitupa kwenu kutakuwa kazi yenu. Kontena kutoka nje ni habari nyingine kabisa: msikubali meli ing'oe nanga kabla hamjaenda TRA (mamlaka ya mapato) na wakala wa forodha kuuliza kuhusu msamaha wa kodi na karatasi zake, kwa sababu mzigo ukishafika bandarini bila karatasi gharama za kuuhifadhi zinaanza kutembea, na inaweza kufika mahali kontena la bure linawagharimu kuliko mngenunua kumi za hapahapa mjini.

Hatua ya 5: Safisheni na muandikishe

Fungua kila mashine, pulizia vumbi kwa blowa ukiwa nje ya chumba, shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Toa ram, futa zile meno za rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka isikike imebana. Badilisha CR2032 kama saa ya mashine inarudi nyuma. Kama mashine inachemka sana, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa upake mpya kiasi cha punje ya mchele.

Halafu ipe namba kwa rangi ya mafuta, siyo stika, na chaja yake namba hiyohiyo. Daftari liandikwe: namba, modeli, namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number), imetoka wapi. Siku polisi wakikuuliza mliyoibiwa ilikuwa ipi hilo daftari ndilo litakaloongea.

Hatua ya 6: Wekeni mfumo

Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za kuanzia kizazi cha nane kwa Intel, ambazo bei yake mnaijua. Kuweka Windows ya wizi kwenye mashine za watoto sitaki hata kujadili, mbali na sheria, inakuja na virusi vyake ndani. Kwa hiyo mimi naweka Linux Mint, ile aina yake nyepesi inayoitwa Xfce. Toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029, linakimbia vizuri kwenye ram ya GB 4, na sura yake mtu aliyezoea Windows haimtishi.

1. Pakua Mint kwenye kompyuta yenye intaneti nzuri, iandike kwenye flashi.
2. Chomeka flashi kwenye mashine namba 1, iwashe huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad).
3. Instoo, ruhusu ifute diski yote. Mtumiaji wa kwanza mwite "msimamizi" na paswedi wajue watu wawili tu.
4. Ongeza programu: LibreOffice inakuja nayo, ongeza GCompris na Tux Paint kwa wadogo, Tux Typing ya kuchapa, na ya kujifunza kuprogramu weka TurboWarp, maana Scratch rasmi haina toleo la kuinstoo la Linux na TurboWarp inafungua mafaili yaleyale ya Scratch.
5. Ruhusu akaunti ya mgeni kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mtoto akiingia kama mgeni anaweza kuvuruga kila kitu anachotaka, akitoka kila kitu kinajifuta. Kazi ya kutunza iende kwenye flashi yake au folda ya seva.
6. Mashine namba 1 ikishakaa sawa na umeijaribu siku nzima, usirudie kazi hiyo mara tisa. Chukua Clonezilla kwenye flashi ya pili, kopi diski nzima kwenda hadidiski ya nje, kisha imwage kwenye zile nyingine. Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko iliyotoa, ikipungua hata kidogo itagoma.
7. Badilisha jina la kila mashine lilingane na namba iliyopakwa rangi.

Ile kopi iliyoko kwenye hadidiski ya nje itunzeni nyumbani kwa mtu. Mashine ikiharibika programu hamtafuti tatizo, mnaimwagia upya na baada ya muda mfupi imerudi.

Hatua ya 7: Seva ya masomo

Hapa ndipo watu wananiuliza kama intaneti ni lazima. Siyo lazima. Chukua laptopu moja kati ya zile, ile ambayo kioo kimepasuka ndiyo nzuri zaidi, iwekee diski kubwa, iweke kwenye kabati lenye matundu.

Weka Kolibri, ni programu ya masomo ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti, na sura yake ipo kwa Kiswahili. Ndani yake chagua chaneli, ikiwemo ya Khan Academy ya Kiswahili. Chaneli zenye video ni nzito kwa hiyo nenda nayo sehemu yenye intaneti isiyopimwa, iache ishushe usiku kucha. Ya pili ni Kiwix, hiyo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye faili moja. Wikipedia ya Kiswahili ni faili dogo, ya Kiingereza yenye picha inakwenda kwenye GB mia kwa hiyo angalia diski yako kwanza, ile ya Kiingereza rahisi inatosha kwa sekondari.

Ipe seva anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Watoto wakifungua kivinjari wakaandika 192.168.1.10:8080 Kolibri inafunguka. Iweke iwe ukurasa wa kwanza kwenye mashine namba 1 kabla ya kuikopi kwenda nyingine (hatua ya 6), hutakuwa na kazi ya kuwasomea namba kila jioni.

Hatua ya 8: Unganisheni

Kama ni laptopu kumi chumba kimoja, ruta ya kawaida ya Wi-Fi inatosha, ruka hatua hii. Kwa desktopu vuta kebo. Nunua kebo fupi zilizobanwa tayari kama umbali ni mdogo. Ukibana mwenyewe rangi zipangwe hivi, klipu ya kichwa cha kebo ikiangalia chini na ncha yenye meno ya chuma ikielekea mbele, kutoka kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kosa la wote ni kuweka kijani pamoja na nyeupe yake, katikati inaingia bluu, ndivyo ilivyo. Ncha zote mbili zifanane. Ganda la nje la kebo liingie ndani ya kichwa libanwe nalo, la sivyo mtoto akivuta mara moja nyaya zinachomoka. Pima kila kebo kwa testa kabla hujaipitisha ukutani na siyo baada.

Hatua ya 9: Intaneti, kama ipo

Kwenye ruta badilisha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3, hiyo inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa mashine zote bila kuinstoo chochote. Haizuii kila kitu, ila mwalimu aliyesimama katikati anamalizia. Paswedi ya Wi-Fi msiiandike ukutani, kijana mmoja akiijua bando lote la mwezi linaisha mtaani kwa siku mbili.

Hatua ya 10: Fungueni mlango

Watoto wawili kwa mashine, kila dakika ishirini anayeshika mausi anampisha mwenzake, na hilo lisimamiwe na saa ya ukutani. Mkiacha wajipangie wenyewe wakubwa watashika na wadogo watakuwa watazamaji mpaka mwezi uishe.

Muda wote wawepo watu wazima wawili chumbani, mlango wazi, hakuna mjitolea kubaki peke yake na mtoto hata kama anamsaidia homuweki. Picha za watoto za kupostia zinataka ridhaa ya mzazi, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na sura ya mtoto ni taarifa yake. Mfadhili akitaka picha mpigie chumba na migongo.

Wiki ya kwanza kuwasha, kuzima, mausi na kuchora. Watu wazima huwa mnataka kuanza na historia ya kompyuta na vizazi vyake vitano, watoto watasinzia. Wape Tux Paint.

Makosa ninayoyaona sana

Kufungua kwa sherehe na mgeni rasmi kabla vifaa havijafanya kazi hata wiki mbili mfululizo. Funguo kuwa na mtu mmoja ambaye siku akisafiri hakuna darasa. Kufunika mashine kwa nailoni zikiwa bado za moto, tumieni vitenge au mashuka ya zamani, yanapitisha hewa. Na paswedi ya msimamizi kuwa jina la kituo, hiyo mtoto wa darasa la tano anaipata kabla hujamaliza chai.

Kikigoma

*Haiwaki kabisa.* Jaribu chaja ya jirani. Ikiwa bado, chomoa chaja na betri, shikilia batani ya kuwashia nusu dakika, rudisha. Desktopu: angalia kile kiswichi cha nyuma, wasafishaji hukigusa.

*Inapiga milio, kioo cheusi.* Mara nyingi ram. Toa, futa kwa ufutio, rudisha, jaribu tundu jingine.

*Inasema haioni pa kuwakia.* Kuna flashi imesahaulika? Kama hamna, ingia BIOS uone kama diski inaonekana. Haionekani, fungua uibane upya. Bado, diski imekufa, weka nyingine umwagie ile kopi.

*Tarehe imerudi miaka ya nyuma na tovuti zinakataa kufunguka.* CR2032.

*Ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu.* Mashine ilitoka Uingereza na mfumo unadhani kibodi ni ya Marekani, au kinyume chake. Badilisha mpangilio wa kibodi kwenye mipangilio. Kama Y na Z zimebadilishana nafasi, hiyo ya Ujerumani, fanya hivyohivyo.

*Kolibri haifunguki kwenye mashine zote.* Seva imezima au imepata anwani nyingine. Nenda kwenye seva yenyewe ufungue hapohapo, ikikubali basi tatizo ni mtandao, angalia swichi ina taa. *Haifunguki kwenye moja tu:* kebo ya hiyo moja.

*Inakuwa nzito jioni jioni, asubuhi iko sawa.* Joto. Sikiliza feni, kama haisikiki isafishe.

*Imemwagikiwa na maji au chai.* Izime palepale, chomoa chaja, toa betri, ipindue kama hema kibodi ikiangalia chini, iache siku mbili tatu. Isiwekwe juani wala kwenye mchele, wanga wa mchele unaingia kwenye matundu. Kama ilikuwa chai ya maziwa na sukari, kibodi hiyo hesabu imekwenda, chukua nyingine kutoka kwenye ile mashine mliyoifanya duka la spea.